Kuwapanga Watoto Waimbao

Kupanga wakimbiaji ni kazi ya saa, na kupanga warukaji ni kazi ya utepe wa kupimia. Kupanga waimbaji ni jambo jingine kabisa, na waimbaji wenyewe wakiwa watoto, ugumu huzidi. Nasema hivi kwa sababu likizo iliyopita niliifanya kazi hiyo kwa siku nne, pamoja na waamuzi wawili wenye ukaidi kunishinda.

Nyimbo tulizozipanga zilitoka katika mashindano ya watoto yaitwayo Junior Eurovision, ambayo husimamiwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya. Yalianza mwaka 2003 mjini Copenhagen, nchi 16 zikapeleka waimbaji wao, na Kroatia ikatoka na ushindi. Tangu hapo hufanyika kila mwaka. Waimbaji siku hizi ni wa umri wa miaka 9 hadi 14, na sehemu kubwa ya wimbo sharti iwe katika lugha ya nchi yao. Waamuzi wa kila nchi hutoa alama 12 kwa wimbo wanaoupenda kuliko yote, 10 kwa wa pili, 8 kwa wa tatu, kisha 7, 6 na kuteremka mpaka 1. Wimbo wa kumi na moja hauambulii kitu. Kwa waamuzi hao, wimbo wa kumi na moja na ule wa mwisho kabisa ni sawasawa.

Katika simu ya Mjomba tulichagua nyimbo kumi. Tisa zilikuwa za washindi wa miaka mbalimbali. Ya kumi ilikuwa ya Armenia ya mwaka 2007, iitwayo Erazanq, maana yake ndoto, ambayo mjini Rotterdam ilishindwa na ile ya Belarus kwa alama 136 kwa 137. Nilitaka kujua kama masikio yetu yangeitambua ile alama moja. Yalisikia kinyume: sote watatu tuliuweka wimbo wa Armenia juu ya ule wa Belarus, wala hatukuona haja ya kubishana.

Waamuzi wenzangu walikuwa mdogo wangu wa kike, aliye darasa la sita, na Bibi, ambaye alisuka ukili muda wote na hakuitazama simu hata mara moja. Bibi alisema macho humdanganya msikilizaji. Kwa hakika taa, moshi na mavazi ya jukwaa lile ni mengi mno, na nadhani Bibi alikuwa mwamuzi mwaminifu kuliko sisi. Kila mmoja alitoa alama zake peke yake, na kwa amri ya Bibi kila alama iliandikiwa sababu yake pembeni. Bibi hakuandika, alisema, mimi nikawa karani wake.

Lugha zile hatukuzijua hata moja, isipokuwa Kiingereza katika nyimbo mbili za Malta. Mwanzoni niliona hiyo ni faida, kwani tungepima sauti tupu. Mfano mzuri ni wimbo wa Georgia ulioshinda mwaka 2008 mjini Limassol. Watoto watatu, jina lao Bzikebi, walivaa kama nyuki wakaimba maneno ya kubuni yasiyo ya lugha yoyote duniani, wakapata alama 154. Mimi niliwapa 1, kwa kuwa naamini wimbo ni maneno. Bibi alicheka hata ukili ukamponyoka, akawapa 10. Sababu yake niliiandika kama alivyoitamka: "Hawa hawakunificha kitu."

Lakini tulipofika kwa wimbo wa Hispania wa mwaka 2004, faida hiyo ilituponyoka. Mwimbaji ni María Isabel, aliyekuwa na miaka 9 alipopata alama 171 mjini Lillehammer. Nilikuwa nimempa 7, na mdogo wangu amempa 5. Ndipo alipoitafuta tafsiri ya jina la wimbo, akakuta ni kama kusema "afadhali kufa kuliko kuwa wa kawaida." Mara moja alifuta ile 5 akaandika 12. Mimi nilifuta 7 nikaandika 3, maana maneno hayo yaliniudhi kutoka kinywani mwa mtoto mdogo hivyo. Sauti ilikuwa ileile, na simu ileile. Bibi alibaki na 7 yake, akatuuliza kama tumemaliza kumhukumu mtoto kwa jina la wimbo wake.

Alama 12 za Bibi zilikwenda kwa Destiny Chukunyere wa Malta, ambaye baba yake alitoka Nigeria kwenda kucheza mpira huko. Mwaka 2015 mjini Sofia alipata alama 185, ambazo hazikuwa zimefikiwa na mtoto yeyote kabla yake. Sikumwambia Bibi habari za baba yake mpaka alipokwisha kutoa alama. Sababu aliyoitoa yeye ilikuwa pumzi: mtoto yule anajua mahali pa kupumua. Mimi nilimpa 12 Anastasiya Petryk wa Ukraine, mtoto wa miaka 10 aliyeshinda mwaka 2012 mjini Amsterdam kwa wimbo Nebo, yaani mbingu, akimwacha wa pili kwa alama 35 nzima. Mdogo wangu alimpa 10. Bibi alimpa 1, akasema, "Huyu amenitisha. Sauti imekizidi kifua."

Sasa sikilizeni hesabu. Nebo ilipata 12, 10 na 1, jumla 23. Mzeo, wimbo wa Georgia wa mwaka 2016, ulipata 8 kwangu, 8 kwa mdogo wangu na 8 kwa Bibi, jumla 24. Basi ukashinda.

Mdogo wangu aliitazama karatasi kwa muda mrefu. "Kaka, ameshindaje na hakuna hata mmoja wetu aliyempenda kuliko wote?"

Nilimwonyesha kwamba hata wakubwa hupatwa na jambo hilo. Mwaka 2017 watazamaji waliruhusiwa kupiga kura kwa intaneti, kila mmoja akichagua nyimbo zisizopungua tatu, hata wa nchi yake ukiwamo, na kura hizo zikawa nusu ya alama zote. Waamuzi waliuweka mbele wimbo wa Georgia. Watazamaji wakauweka mbele wimbo wa Uholanzi. Aliyechukua kikombe alikuwa Polina Bogusevich wa Urusi, kwa alama 188 dhidi ya 185 za Georgia. Hakuwa wa kwanza kwa hawa wala kwa wale. Mimi sioni dhuluma hapo, maana kupendwa kiasi na kila mtu si jambo dogo. Mdogo wangu hakukubali, na mpaka leo hajakubali.

Ubishi mkubwa, walakini, haukuwa juu ya wa kwanza. Safu ya mdogo wangu ilibaki na nafasi moja tupu chini kabisa. Alikataa kuijaza. Nilimhimiza nikidhani ni uvivu, naye akasema kwamba miaka miwili iliyopita kwaya yao ilikwenda kwenye shindano fulani, ikashika mkia, na majina yalisomwa kuanzia mkiani mbele ya wazazi. Jambo lile nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba hakuna aliyewaambia walikosea wapi, mpaka leo. Bibi aliacha kusuka akauliza, "Na hao wa huko Ulaya, wa mwisho anapotajwa, mama yake yupo anatazama?" Nikajibu kwamba yumkini yupo.

Huko Ulaya waliwahi kujaribu dawa. Tangu mwaka 2005 hadi 2015 kila mtoto alipewa alama 12 za bure kabla ya kuhesabu, ili asitoke yeyote na sifuri. Mwaka 2014 Kroatia, ileile iliyoshinda mara ya kwanza, ilikuwa ya mwisho kwa alama 13. Nilidhani habari hii ingemfariji mdogo wangu. Akasema, "Moja ya kweli na kumi na mbili za huruma. Naye anajua kutoa."

Nami nauunga mkono upande wake. Hapa kwetu Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, na wengi walifurahi. Sina ugomvi na hilo. Lakini kuficha namba ni jambo moja, na kueleza namba ni jingine. Aliyeambiwa kuwa ni wa 38 kati ya 41 hajaambiwa afanye nini Jumatatu asubuhi.

Siku ya nne mdogo wangu aliichukua kalamu mwenyewe. Aliandika 1 mbele ya Belarus, mshindi wa Rotterdam kwa ile alama moja. Sababu ya pembeni ilimchukua mistari sita, ilhali wimbo alioupa 12 aliuandikia maneno mawili tu. Alisikiliza upya mara tatu kabla ya kuandika, akataja mahali palipomchosha, na mahali alipotamani mtoto yule aachwe aimbe taratibu. Kisha akamsomea Bibi. Bibi akasema arudie mstari wa tatu, hakuusikia vizuri.