Muziki Ulioniinua Kitini

Muziki ndio ulionifanya mkimbiaji. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaodhani hedifoni ni mapambo ya vijana, na mtu mzima akizivaa barabarani anatafuta kuonekana.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na kazi yangu ni ya kukaa. Msimu wa sare za shule nakaa tangu asubuhi mpaka taa za barabarani ziwake. Presha ilipopanda, muuguzi aliyenipima aliniambia, "Baba, dawa utameza, lakini na mwili nao uushughulishe." Nikaanza kutembea alfajiri, kisha nikajaribu kukimbia. Nilikuwa navuka nguzo chache za umeme pumzi inakata. Kilichonichosha zaidi ni kule kujisikia nikihema. Kila pumzi ilinikumbusha ugonjwa, nami nikasimama kwa hofu kabla miguu haijachoka.

Binti yangu ndiye aliyeniletea hedifoni za bluetooth, punje mbili zinazolala kwenye kikasha chake kama maharage. "Baba, weka nyimbo zako humu, usikimbie peke yako," akaniambia. Nikaweka dansi: Mbaraka Mwinshehe, fahari ya mji huu, na Franco na TPOK Jazz yake. Simu ikakaa kiunoni kwenye mkoba mdogo nilioushona mwenyewe, hakuna waya wa kunivuta sikio kila nikirusha mkono.

Anayeujua muziki wa dansi anajua unavyopanda. Waimbaji huanza taratibu, kisa kinasimuliwa, kisha magitaa yanachukua uwanja. Sisi tunaita chemko, Wakongo wanaita sebene. Na nyimbo zile ni ndefu: "Mario" ya Franco, ya mwaka 1985, inakaribia robo saa. Basi sehemu ya kuimba naitembea kwa mwendo wa haraka ili mwili upate joto. Magitaa yakichemka, nakimbia, na sisimami mpaka yanyamaze. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilizipita nguzo zangu zote nikajikuta kwenye mpando wa kuelekea milima ya Uluguru, nikiwa bado nafuata gitaa. Kuhema kulikuwepo. Sikukusikia tu.

Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ameutafiti kwa miaka mingi uhusiano wa muziki na mazoezi, na anachoeleza ndicho kilichonipata: kwa mwendo wa wastani, muziki huvuta akili isizikilize sana habari za uchovu zinazotoka mwilini. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, uchovu unaushinda muziki. Kwa hiyo mtu wa presha kama mimi, ambaye hatakiwi kukimbia kama mwizi anayefukuzwa, ndiye hasa anayefaidika.

Tena kwetu si jambo geni. Sisi tulisoma shule za msingi za mchakamchaka: mmoja anatoa wimbo, wengine tunaitikia, na mguu unatua pale pale panapopigwa. Watoto wenye matumbo matupu tulikuwa tunazunguka kijiji kizima tukiimba, na hakuna aliyeuliza ni umbali gani. Haile Gebrselassie wa Ethiopia naye, mwaka 1998 kule Birmingham, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ukumbini huku vipaza sauti vikipiga "Scatman", wimbo ulioendana na hatua zake.

Kuendana ndiko kwenye siri. Kijana ninayeshona naye alinisihi nijaribu singeli. Singeli naipenda harusini, lakini midundo yake inazidi 200 kwa dakika, na mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kati ya 150 na 180. Ukiifuata kwa miguu utaanguka.

Sasa barabara. Mimi huvaa hedifoni moja tu, ya kulia. Magari yetu hupita kushoto, nami nakimbia ukingo wa kulia ili niyaone yanayonijia. Barabara yote inakuwa kushoto kwangu, na sikio la upande huo naliacha wazi. Macho yanaona ya mbele, lakini bodaboda anayekatisha pembeni kutoka nyuma utamjua kwa sikio peke yake. Kuna jambo moja hapo wengi hawalijui: kwenye rekodi nyingi gitaa moja limewekwa kulia na jingine kushoto, hivyo ukivaa upande mmoja unapoteza nusu ya bendi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono. Magitaa yote yatakuja sikio moja, na sebene itakuwa nzima.

Sauti nayo naishusha. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda unashuka hadi saa 4. Vinywele vya sikio la ndani vikifa havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Kipimo changu ni chepesi: nikipita kwa mama anayechoma maandazi, salamu yake niisikie na niiitikie bila kugusa simu. Nisipoisikia, nimezidisha.

Dawa bado nameza, ila daktari amezipunguza, na sasa napanda ule mpando bila kusimama. Wewe unayekaa kazini kutwa nzima, pima presha yako wiki hii. Daktari akikuruhusu, chagua wimbo mmoja mrefu unaoupenda, vaa hedifoni sikio moja, utoke kesho alfajiri. Ukiisha, rudi nyumbani; siku ya kwanza inatosha.