Nyota, Reli na Namba za Ibara

Mwenye kibanda cha vocha pale stendi ya Moshi hahitaji kufundishwa nyota wala reli. Hubonyeza *150*00# na fedha hufika Marangu kabla daladala haijajaza abiria. Hilo huwaambia wanafunzi wangu wanapoiogopa lugha ya alama iitwayo Markdown, aliyoitoa Mmarekani John Gruber mwaka 2004 kwa msaada wa kijana Aaron Swartz. Neno likiwekewa nyota mbili kila upande hukolezwa wino. Mstari ukitanguliwa na reli huwa kichwa cha habari. Faili lenyewe hubaki maandishi matupu, mepesi hata kwa mzee wa Kibosho anayenunua bando la siku moja.

Ndugu msomaji atauliza: mhadhiri wa siasa ana nini na nyota? Nina Katiba. Tume ya Jaji Warioba ilikabidhi rasimu yake ya pili Desemba 30, 2013. Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014. Nakala zilizonifikia zilikuwa picha za kurasa, ambazo ndani yake huwezi kutafuta neno hata moja. Tukazichapa upya sura za mwanzo, ibara kwa ibara, kisha tukaiachia programu izilinganishe mstari kwa mstari. Kuhusu serikali tatu kugeuka mbili, nchi nzima ilikwisha kupiga kelele. Kilichotunyamazisha ni orodha ya tunu za taifa: uadilifu, uwazi na uwajibikaji, vilivyokuwamo katika orodha ya Tume, havimo katika ile ya Bunge. Mtetezi wa Bunge atasema maneno hayo yametajwa kwingineko. Sawa, lakini aliyeondolewa ukumbi wa mbele akapewa kigoda jikoni anajua kwamba ameondolewa.

Lugha hii ina hila yake, nami huitangaza mapema. Mstari ukianza na namba na nukta, programu hudhani ni orodha, na huhesabu yenyewe. Andika ibara ya 5, chini yake ibara ya 12, nayo itakuonyesha 5 na 6. (Mashine inayopanga upya namba za Katiba bila kumwuliza mwananchi! Wapo watakaoipenda.) Dawa ni kuweka mkwaju uliolalia nyuma kabla ya nukta: 12\. Basi, namba hutulia.

Jioni moja mzee mmoja huko Kibosho aliisoma sura ya kwanza kwenye simu ya mjukuu wake, akaniuliza, “Mwalimu, hivi sisi tutaulizwa lini?” Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa. Mpaka leo haijapigwa. Mafaili yetu tunayo, yote kwa pamoja madogo kuliko picha moja ya harusi.