Chanzuru: Safari ya Mama Haiishii Mlangoni

Ukitoka Morogoro kwa barabara iendayo Dodoma utafika Dumila, na hapo utaiacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea Kilosa. Utapita Msowero, kisha Rudewa, milima ya Ukaguru ikiwa mkono wako wa kulia na nchi tambarare ya Mkata ikitandaa kushoto. Njiani yapo mashamba ya mkonge, mengine yangali yakilimwa na mengine yamemezwa na vichaka. Kabla hujaingia Kilosa mjini utakuta Chanzuru, kata ya wakulima wa mahindi na mpunga, jirani na Ilonga yenye chuo cha ualimu na kituo cha utafiti wa kilimo. Katika kituo hicho ndimo ilimotoka mbegu ya mahindi iitwayo Staha, ambayo wakulima wengi wa nchi hii wameipanda bila kujua ilikozaliwa.

Tulifika Chanzuru asubuhi ya Jumamosi, watu sita kutoka msikitini kwetu: wanakamati wanne pamoja na walimu wawili wa madrasa ya akina mama. Tulialikwa katika akika ya mjukuu wa mzee mmoja aliyepata kuwa mtunza hazina wetu kabla hajarejea kijijini kulima. Mbuzi alikwisha kuchinjwa, mtoto alikwisha kunyolewa na kupewa jina. Wanaume tuliketi mkekani chini ya mwembe, na wanawake walikuwa ndani kwa mzazi.

Mazungumzo ya barazani yalikuwa yale yanayojulikana: bei ya mahindi, mifugo iliyoingia mashambani, treni ya umeme inayosimama Kilosa tangu 2024, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyoing'oa reli na kuwaacha watu wa Kilosa wakiishi kwenye mahema. Tukampongeza mzee kwa mjukuu. Akashukuru, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni wa pili, masheikh wangu. Wa kwanza tulimzika siku ileile aliyozaliwa."

Tukasema yale tunayoyasema. Mmoja wetu akakumbusha kwamba mtoto mchanga huwa kitangulizi cha wazazi wake mbele ya Mola. Wote tukaitikia, na maneno yakarudi kwenye mahindi. Hakuna aliyeuliza mtoto yule alikufa kwa sababu gani. Nasi tulioandika ukurasa huu hatukuuliza.

Tulikuja kuijua habari yenyewe tulipokuwa njiani kurejea, tuliposimama Rudewa kwa ajili ya Sala ya Alasiri. Walimu wetu wawili walikuwa kimya tangu tulipopanda gari. Baada ya sala, mkubwa wao akatuambia, "Sheikh, mliyoyasikia barazani siyo tuliyoyasikia sisi ndani."

Miaka miwili kabla ya akika ile, mama yule alipelekwa kujifungua katika kituo kimoja ambacho hatutakitaja, nacho hakipo Chanzuru. Alifika mapema, kabla ya usiku wa manane. Mumewe alitumwa kwenda kutafuta glovu na uzi wa kufungia kitovu, naye akazunguka akigonga milango ya maduka yaliyofungwa. Mama alipolia kwa uchungu aliambiwa anyamaze, kwani si yeye wa kwanza kuzaa. Mkunga alikuwa mmoja na wazazi walikuwa watatu. Mtoto alipotoka, aliyekuwa karibu ni mfanya usafi. Mtoto hakulia. Mkunga alikuja mbio, lakini kifaa cha kumpulizia hewa mtoto kilikuwa katika kabati lililofungwa, na ufunguo ulikuwa na mtu aliyekwisha kuondoka zamu.

Mama yule hakuwahi kumsimulia mkwewe habari hiyo, kwa kuwa hakuwahi kuulizwa. Aliposhika mimba ya pili, wiki tatu kabla ya siku zake alihamia kwa shangazi yake anayeishi karibu na kituo kingine. Huko mkunga alijitambulisha kwa jina, akamuuliza yeye jina lake, akamfunika kanga, akakaa naye. Alipokuwa akiwasimulia walimu wetu, mama huyo alilitaja jina la mkunga yule mara kadhaa, kama mtu atajaye jina la ndugu.

Ndugu msomaji, mama huyu hakufia njiani, wala hakuzalia nyumbani kwa ukaidi. Alitii kila alichoagizwa na kliniki, akafika kwa wakati. Kilichomkosesha mtoto wake kilikuwa ndani ya mlango.

Takwimu za taifa zinathibitisha kuwa hayuko peke yake. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022, wanawake 81 kati ya 100 sasa hujifungulia katika vituo vya afya, ilhali katika utafiti wa 2015-16 walikuwa 63. Vifo vya wazazi vilivyokadiriwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 vimekadiriwa kushuka hadi 104. Kwa hilo tumshukuru Allah (s.w.) na tuwashukuru waliofanya kazi. Lakini tutazame na watoto wachanga. Katika utafiti wa awali, watoto 25 kati ya 1,000 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mwaka 2022 walikuwa 24. Akina mama wengi zaidi wameitikia wito wa kufika kituoni, na kaburi la mtoto mchanga limebaki karibu palepale.

Tunadhani sisi watu wa misikitini tunayo sehemu katika ukimya unaoizunguka hali hii. Mtume (s.a.w.) amemtaja mwanamke anayefariki kwa uzazi miongoni mwa mashahidi, na bishara hiyo tunaisoma kila tuzikapo. Ni bishara ya haki. Lakini daraja ya shahidi ni zawadi ya Mola kwa marehemu, wala haikuteremshwa ili walio hai wafunge daftari na kuacha kuuliza. Wanazuoni wetu, akiwemo Imam Ghazali, walipoeleza makusudio ya Sharia waliweka kulinda uhai miongoni mwa mambo matano ya msingi. Anayeridhika na kadari baada ya kutimiza wajibu wake ametawakali. Anayeanza na kuridhika ameuacha wajibu.

Ama kuhusu usawa, wanahistoria wa Kiislamu wamepokea kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akizunguka usiku nje ya Madina, akaiona hema ya bedui mgeni ambaye mkewe alikuwa katika uchungu na hana msaidizi. Umar alirudi nyumbani, akamwamsha mkewe, Ummu Kulthum binti Ali, akaenda naye akiwa amebeba chakula mwenyewe. Mke wa Khalifa aliingia hemani kumzalisha mwanamke asiyemjua, naye Khalifa akaketi nje akichochea moto. Bedui yule alikuwa mfugaji, mtu wa kupita. Nasi Kilosa tunao wafugaji, na tunajua jinsi uhasama wa mashamba na malisho unavyoweza kumfuata mwanamke hadi kwenye foleni ya kliniki, akatazamwa kwa mavazi yake na lugha yake kabla ya kutazamwa kwa mimba yake. Huduma njema inayomfikia mke wa mwalimu na kumruka mke wa mfugaji haijawa huduma njema.

Je, yanarekebishika? Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, uliendeshwa mradi ulioitwa Staha, jina lilelile la mbegu ya Ilonga. Wanawake walipoulizwa walipokuwa wakitoka kituoni kama walitendewa vibaya wakati wa kujifungua, 19 kati ya 100 walisema ndiyo. Walipofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye, wakawa 28. Hesabu hiyo ilitukumbusha chumba cha ndani cha Chanzuru: mwanamke husema penye usalama. Wananchi na wahudumu waliketi pamoja wakaandika mkataba wa huduma, wakatundika mapazia ya stara, na wahudumu nao wakapata hata chai katika zamu nzito. Uovu ule ulipungua sana. Tunaisisitiza chai ile, kwa sababu mkunga mmoja mwenye wazazi watatu usiku naye amedhulumiwa.

Mradi mwingine, katika vituo 30 vya mikoa mitano ya nchi yetu, uliwazoeza wakunga mara kwa mara, kwa vipindi vifupi kazini mwao, kumsaidia mtoto asiyepumua na kuzuia damu ya mama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 40. Hawakujengewa majengo ya fahari; mikono ilizoezwa, na vifaa vikawa pale vinapohitajika. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi tisa zilizoanza mwaka 2017, pamoja na Shirika la Afya Duniani, mtandao wa kuboresha ubora, usawa na heshima katika huduma za mama na mtoto mchanga. Kwa hiyo anayedai staha kwa mzazi hadai jambo geni. Anadai ahadi iliyokwisha kutolewa.

Yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wa msikiti wowote. La kwanza ni namba 115, ya usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga, ambayo kuipiga ni bure. Mpango huo ulizinduliwa kuwa wa taifa Aprili 2022. Pasipo na gari la wagonjwa karibu, hutumwa dereva wa jamii aliyeandikishwa, naye hulipwa na mpango wenyewe. Pale chini ya mwembe wachache sana walikuwa wakiijua. La pili, kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Humo ndimo pa kuuliza: glovu zipo? Ufunguo wa kabati hukaa kwa nani usiku? Tupeleke watu huko, na wanawake wawe wa kwanza.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. Kamati yetu imekuwa ikichangisha fedha za vipaza sauti vipya. Tuliporudi, baadhi yetu walipendekeza fedha hizo ziwe mfuko wa kuwasaidia wajawazito wanaolazimika kuhamia karibu na kituo siku zao zikikaribia, Waislamu na wasio Waislamu, wakulima na wafugaji. Wengine walipinga kwa hoja ya haki: fedha iliyochangwa kwa nia moja haigeuzwi bila idhini ya waliochanga. Hivyo tutawauliza wachangaji wenyewe, wanaume na wanawake, baada ya Sala ya Isha Jumamosi ijayo. Na safari hii hatutawauliza akina mama kwa kupitia waume zao. Walimu wale wawili wataketi nao upande wao, wawasikilize, kisha watuletee walichokisema kama kilivyosemwa.

Mtoto wa Chanzuru tulimwona kabla ya kuondoka. Bibi yake alimleta barazani akiwa amefungwa kanga, akapitishwa mikononi mwa wazee mmoja baada ya mwingine. Alilia kwa nguvu, na babu yake hakutaka mtu yeyote ambembeleze anyamaze.

Wabillahi tawfiq.