Bibi na Dagaa wa Ikola

Babu alifariki akamwachia Bibi watoto watano, kitinda mimba bado ananyonya. Ikola, kijiji chetu kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa ya Mkoa wa Rukwa wakati huo. Mkoa wa Katavi, ilipo Ikola sasa, ulipoanzishwa mwaka 2012 Bibi alikuwa mzee, wala hakuhangaika nao. Ukimuuliza ni wa wapi, alijibu Mpanda, basi.

Usiku ziwani walikwenda wanaume, kwa hiyo kazi yake ilianzia ufukweni, alfajiri. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvutwa na taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitanda taa hazifui dafu, wavuvi wanapumzika. Basi giza lilimkuta Bibi mchangani, mbalamwezi ikamkuta kwenye shamba la mihogo. Karabai zilikunywa mafuta ya taa kweli kweli, na mvuvi aliyekaukiwa alikuja kukopa kwake, akalipa kwa mabeseni ya dagaa kabla wachuuzi wengine hawajafika. Daftari hakuwa nalo. Aliyejisahaulisha deni alisalimiwa kwa sauti mbele ya wenzake, akaulizwa hali ya mke, ya watoto, ya mama mkwe, mpaka akakumbuka.

Dagaa walianikwa chini, juu ya mchanga. Jua likiwa kali, jioni walikuwa wamekauka. Masika ilikuwa vita: wingu likitokea upande wa Kongo, nyumba nzima ilitoka mbio na mafagio na maturubai, na mzigo uliolowa mara mbili ulioza. Magunia yaliyosalimika yalipelekwa Kigoma kwa MV Liemba. Meli haikufunga gati kwetu. Ilisimama majini, mitumbwi ikaizonga, na Bibi akiwa katika mmojawapo alielekeza mzigo wake kwa kidole na kwa matusi ya heshima.

Wanaomsifu husema alilea peke yake. Mimi naongeza jina la shangazi, mtoto wa kwanza, aliyeacha shule ili ageuze dagaa na kumbeba mdogo wake mgongoni. Baba na wengine walisoma kwa mgongo huo. Bibi alilijua hilo: hadi anafariki, fungu la kwanza la pesa ya mauzo alimpa shangazi, hata kama baba ndiye aliyekuwa na shida siku hiyo.

Zikaja chanja, meza za miti zilizotandikwa nyavu. Bibi alizipinga mwanzoni, akisema ni kuwalisha kunguru mezani. Wanunuzi ndio waliomgeuza: dagaa wasio na mchanga walipata bei nzuri zaidi, na walikauka upesi kwa kuwa upepo ulipita chini yao. Taa za sola ziliziondoa karabai, na biashara yake ya mafuta ikafa bila hata kuagwa. Malori nayo yakaanza kuufuata mzigo kwa barabara ya Mpanda.

Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, uvuvi ulisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ufukweni watu walilalamika, na wengi walikuwa na haki. Shangazi alinunua mapema, akafunga magunia, akaenda shambani kwenye mihogo. Julai nilimpigia simu nikiomba dagaa kidogo. Alinitajia bei ya mjini.

"Shangazi, mimi ni mwanao!"

"Ndiyo maana nimekupunguzia."