Ukiulizia Buibui Kariakoo, Sema wa Miguu Minane

Ingia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, halafu uulizie buibui. Kabla hujamaliza kusema, umeshashikwa mkono, umeingizwa dukani na kuonyeshwa nguo nyeusi za kila aina, zenye nakshi na zisizo na nakshi, na muuzaji anakuuliza shemeji ana urefu gani. Sasa mwambie unamtaka yule wa miguu minane, mwenye manyoya, wa kumfuga chumbani. Utatazamwa kama umelogwa!

Msicheke, washikaji. Huko Ulaya na Marekani kufuga tarantula, yaani wale buibui wakubwa wenye manyoya, ni jambo la kawaida kabisa. Na mmoja wa wanaojulikana sana kwa wafugaji hao ametoka hapa kwetu, milima ya Usambara mkoani Tanga. Ana rangi ya chungwa lililoiva, na wafugaji wa nje wanamtaja kwa jina la milima hiyo hiyo. Wataalamu wanamwita Pterinochilus murinus, aina iliyopewa jina mwaka 1897. Mtoto wa mjini anayeshinda Posta anaweza kuzeeka bila kujua kuwa ana ndugu maarufu kiasi hicho.

Kwa maisha ya geto, mnyama huyu anafaa. Mwenye nyumba hataki mbwa, na paka ataiba mboga ya wapangaji wenzako. Tarantula habweki wala haibi. Mdudu mmoja kwa wiki unamtosha, na umeme ukikatika hana habari. Wenzetu wa nchi za baridi wanahangaika kumtafutia joto, wakati Dar joto ni la bure.

Tatizo ni moja. Wengi wao ni watu wa kujificha. Kuna jitu moja la Kenya na Tanzania, Pelinobius muticus, rangi ya kahawia yenye wekundu, ambalo miguu ikinyooshwa inakaribia sentimita 20. Ukisikia hivyo unalitaka leo leo. Lakini kazi yake ni kuchimba shimo refu na kukaa humo. Wageni wakija geto, utawaonyesha boksi la udongo. Kimeo!

Kwa hiyo anayeanza ajiulize maswali mawili: ataonekana? Na je, ni mpole? Tutayajibu, ila kwanza tutembee kwa mguu kutoka Posta hadi Kariakoo, maana njia hii ina kila kitu cha kumtunzia buibui, isipokuwa buibui mwenyewe.

Anzia Posta ya Zamani, pita Samora, mpite Askari pale katikati ya barabara, uwaache wauza madafu na baiskeli zao, ukate Mnazi Mmoja hadi Msimbazi. Ukifika Kariakoo tafuta boksi la plastiki linaloona ndani, lenye mfuniko unaobana, ulitoboe matundu madogo ya hewa. Ukiwa na uwezo, mafundi vioo watakukatia la kioo. Nunua na kibano kirefu, ili vidole vyako visiingie kwenye mambo ya chakula. Kizibo cha chupa kitakuwa bakuli la maji.

Halafu nenda kwa wauza nazi. Vumbi la makumbi, ambalo kwetu linatupwa au linachomwa, Ulaya linauzwa likiwa limeshindiliwa kama tofali, na wafugaji wananunua ili kumtandikia tarantula. Kifuu ukikipasua nusu kinakuwa nyumba yake. Jaza makumbi mengi, ili nafasi ya juu iwe ndogo. Buibui wa chini akianguka kutoka juu, tumbo linapasuka na ndiyo mwisho wake. Kuhusu chakula, mende wapo, lakini usimpe wa dukani au jikoni kunakopulizwa dawa. Utamuua kwa sumu.

Sasa turudi kwenye yale maswali. Yule wa Usambara anaonekana, tena vizuri. Anatanda utando boksi zima na mara nyingi hukaa juu yake akiwaka kama kaa la moto. Hapo ndipo vijana wanapoingia mkenge. Ni mwepesi kama umeme, na ukimkera anainua miguu na kuuma. Hakuna kifo kinachojulikana kutokana naye, lakini maumivu ni makali na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa. Huyu si wa mwanafunzi. Mwachie aliyezoea.

Wa kuanzia ni yule wa Venezuela, Chromatopelma cyaneopubescens. Miguu ya bluu, mgongo wa kijani, tumbo la rangi ya chungwa. Bomba! Naye anatanda sana na kukaa wazi mchana kweupe, na sumu yake ni ndogo. Silaha yake ni manyoya ya tumboni, anayoyarusha kwa miguu na kukuachia muwasho, kwa hiyo usimsogezee uso. Chagua jike, ataishi miaka mingi. Dume akishakomaa hana siku nyingi. Na siku ukimkuta amelala chali miguu juu, usimtupe! Anajivua ngozi. Mwache hadi amalize, usimguse wala usimpe chakula.

Lakini ndugu yangu, usikimbilie. Kumwingiza nchini kiumbe hai wa nje kunataka vibali. Na usipande basi la Lushoto ukamchimbue wa kwetu. Wanyamapori wana sheria yao ya mwaka 2009, na kuwakamata kunataka kibali pia. Machi 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Wengi wa hawa wa Usambara wanaouzwa Ulaya siku hizi wamezaliwa huko huko kwenye maboksi. Wa kwetu abaki mlimani kwake.

Wakati unasubiri vibali, jifunze kwa yule mdogo anayeruka, uliyemwona mara elfu kwenye kuta za majengo ya Posta. Ni kama punje ya maharage, anawinda nzi mchana, hana habari ya kujificha, na ukimsogelea anageuka kukukazia macho. Mtazame pale pale ukutani wiki mbili tatu, uone anavyonyemelea. Ukichoka kumtazama huyo wa bure, basi na yule wa bluu atakuchosha. Usipochoka, tukutane kwa wauza nazi. Kazi kwako!