Kwa Akina Mama Wafinyanzi wa Ziwa Nyasa

Ukitoka Mbeya mjini, ukapita Uyole na kushika njia ya Tukuyu, kwanza unapanda kwenye baridi ya Rungwe, mlima wenye urefu wa karibu mita 3,000. Chai na migomba vimefunika vilima pande zote. Halafu barabara inaanza kuteremka, na masweta yanavuliwa moja baada ya jingine. Ukifika Kyela, joto linakupokea kama mwenyeji aliyekungoja siku nyingi. Ziwa Nyasa liko mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari, na nchi hii ya chini ni ya mpunga, kakao, michikichi na maembe.

Watu wengi huijua Kyela kwa mchele wake unaonukia. Sisi safari hii tulifuata vyungu.

Kwa hiyo tulipita Ipinda, tukaendelea hadi Matema, kwenye pembe ya kaskazini ya ziwa. Hapo tambarare inakwisha ghafula. Milima ya Livingstone inasimama kama ukuta, na miguu yake imo majini. Wamisionari wa Berlin, waliofika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, walijenga misheni hapa Matema, na hadi leo kanisa la Kilutheri lina hospitali na nyumba za wageni karibu na maji. Mama anayetaka kupumzika pamoja na watoto wake hatajuta kufika. Mchanga ni safi, na asubuhi unaamshwa na sauti za wavuvi wa usipa.

Mbele ya Matema, mwendo mfupi kwa miguu ukifuata ufuko, kiko kijiji cha Lyulilo. Siku ya Jumamosi ndiyo siku ya mnada wa vyungu. Mitumbwi inafika imejaa vyungu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Akina mama wanavipokea, wanavipanga mchangani kwa ukubwa wake, na biashara inaanza. Vipo vyungu vya mboga na vya maharage, mitungi ya maji, mabakuli, na vyungu vidogo vya kuchezea watoto. Wachuuzi huvinunua kwa wingi, wakavipeleka Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Huenda chungu kilicho jikoni kwako kilianzia safari yake hapa.

Mafundi wenyewe ni Wakisi, watu wa ufuko huu mwembamba ulio kati ya mlima na maji. Ukitazama mahali wanapoishi, unaelewa mara moja kwa nini ufinyanzi umekuwa uti wa mgongo wa nyumba zao. Hakuna bonde pana la kulima mpunga kama la Wanyakyusa jirani zao. Nyuma kuna mteremko mkali, mbele kuna ziwa lenye kina cha mita 700 hivi mahali penye kina kirefu zaidi. Basi tangu zamani wanaume walishika nyavu, na wanawake wakashika udongo. Chungu kilibadilishwa kwa nafaka na ndizi kabla fedha hazijawa nyingi. Mama wa Kikisi amelisha watoto wake kwa mikono yake kwa vizazi vingi.

Ili kuona kazi yenyewe tulipanda mtumbwi kwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kilicho chini ya mlima. Tulimkuta mama mmoja ameketi kivulini mwa mwembe, miguu ameinyoosha, mjukuu wake yuko ubavuni. Udongo wake ulikwisha kuchimbwa, ukaanikwa, ukatwangwa, ukaondolewa mawe na mizizi, kisha ukakandwa kama unga wa chapati hadi ukawa laini.

Alichukua donge, akaliweka juu ya gae, yaani kipande cha chungu kikuukuu chenye umbo la sahani. Hakuwa na gurudumu la mfinyanzi kama lile linaloendeshwa kwa miguu. Mkono mmoja ulizungusha gae, mkono wa pili ukauinua udongo, ukaupanua, ukaukunja mdomo. Kabla hatujamaliza kusalimiana vizuri, chungu kilikuwa kimesimama.

Lakini hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Chungu huachwa kikauke kidogo, halafu tako lake hukwanguliwa ili liwe jembamba na moto upenye upesi. Kisha husuguliwa kwa kokoto laini ya ziwani, taratibu, mpaka king'ae. Mistari ya udongo mweupe na mwekundu huchorwa mabegani. Baada ya hapo hukaushwa kwa siku kadhaa. Kikichomwa kabla hakijakauka sawasawa, maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kukipasua. Ndiyo sababu miezi ya mvua nyingi ni migumu kwa wafinyanzi, na Kyela ni moja ya wilaya zenye mvua nyingi nchini.

Siku ya kuchoma, vyungu hupangwa pamoja na kuni, vikafunikwa kwa nyasi kavu, na moto huwashwa hapo hapo nje. Upepo ukibadilika ghafula, baadhi hupasuka. Mama yule alituonyesha rundo la vigae kando ya nyumba. Hakusema neno. Kila kigae pale ni siku zake za kazi zisizolipwa.

Mjukuu wake alikuwa na donge lake mwenyewe. Kwanza alifinyanga kichungu, halafu akakivunja, akafinyanga mtoto mwenye kichwa kikubwa na mikono miwili mifupi. Bibi hakumkataza. Alimgeuzia tu kichwa kile kidogo na kumwonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na ufa, shingoni. Mtoto akalowesha kidole, akauziba. Hivyo ndivyo ufundi unavyorithishwa hapa, bila ubao wala chaki.

Tulipomwona mwanasesere yule tuliwakumbuka akina mama wa nchi za mbali wanaofanya kazi kama hiyo kwa kujiburudisha. Huko Ujerumani na Ufaransa, katika karne ya 19, viwanda vilitengeneza wanasesere wenye vichwa vya kauri. Baadaye, hasa Marekani, wanawake wengi walijifunza kuwatengeneza nyumbani. Huchukua udongo mweupe uitwao kaolini, ambao hata kwetu upo, huko Pugu karibu na Dar es Salaam. Huuchanganya na madini mengine uwe kama uji, huumimina katika kalibu ya plasta, wakausubiri ugande pembeni, kisha humwaga uji uliobaki katikati. Hukata nafasi za macho kwa kisu chembamba. Halafu kichwa huchomwa katika tanuri la umeme lenye joto la nyuzi 1,200 na zaidi, na hutoka kimenywea kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mashavu na midomo hupakwa rangi na kuchomwa tena, mara nyingine zaidi ya mara moja.

Tofauti ni kubwa, lakini kanuni ya udongo ni ileile Ikombe na ng'ambo: kausha vizuri, usiharakishe moto, na uwe tayari kupoteza baadhi. Yule wa ng'ambo kikipasuka kichwa cha mwanasesere, amepoteza burudani ya wiki. Wa Ikombe vikipasuka vyungu, amepoteza chumvi, sabuni na daftari la mtoto.

Jambo hilo ndilo tulilorudi nalo kutoka Lyulilo. Pale mnadani tulimsikia mnunuzi mmoja akidai apunguziwe nusu ya bei. "Si udongo tu, mama?" alisema. Muuzaji alicheka kwa adabu, lakini hakushusha. Tunaamini alikuwa na haki. Katika bei ya chungu kizima mna kile kilichopasuka motoni, kilichovunjika mtumbwini, kuni za kuchomea na nauli. Tunapokwenda dukani kununua sufuria au ndoo ya plastiki, tunasoma bei na kulipa. Mbona mbele ya mwanamke mwenzetu aliyeketi chini ndipo ulimi wetu unakuwa mwepesi? Kushauriana bei ni desturi yetu na ni salamu ya sokoni. Kumvunja mtu bei ni jambo jingine.

Tena tufikirie binti zake. Msichana akiona mama yake anarudi sokoni bila faida, hataketi tena kwenye gae, na hakuna atakayemlaumu.

Basi, mama msomaji, ukipata nafasi nunua chungu, ukitunze. Kabla hujalipa, kigonge kwa kidole: kizima hulia sauti nyembamba kama kengele, chenye ufa hulia sauti nzito. Ukifika nyumbani kijaze maji, kiache usiku kucha. Kesho yake chemsha humo uji mwepesi ili vitundu vyake vizibe. Anza kwa moto mdogo, tumia mwiko wa mti, na usimimine maji baridi katika chungu cha moto. Maharage yake yatakuonyesha tofauti. Na mtungi mpya wa maji usiupake kitu chochote. Maji kidogo hupenya na kukauka kwa nje, na huko kukauka ndiko kunakoyapoza yaliyobaki ndani.

Tulipoondoka Ikombe mama yule alitupa neno moja la majirani zake Wanyakyusa, "Ndaga", yaani asante. Tulikuwa tumenunua vyungu vitatu, kila kimoja tumekifunga kwa majani makavu ya migomba, na tulilipa bei aliyoitaja.