Vishipa vya Kuunganisha

Ukiupindua ubongo wa binadamu ukautazama kwa chini, utakuta pete ya mishipa ya damu yenye upana wa sentimita mbili tatu hivi, imezunguka mahali neva za macho zinapokutana. Hapa Durban nimewaonyesha wanafunzi pete hiyo katika chumba cha anatomia mara nyingi sana, na mpaka leo sijaizoea. Kwa mbele mishipa yake ni minene, hata aliyesimama mbali na meza anaiona. Nyuma kuna vishipa viwili, kimoja kila upande, ambavyo kazi yake ni kuunganisha damu ya mbele na damu ya nyuma. Kwa watu wengi ni vyembamba mno. Mwanafunzi mwenye haraka anapobandua ule utando laini unaofunika ubongo, huving'oa pamoja nao, kisha akaniambia kwamba maiti huyu hakuwa navyo. Basi huwa nasimama nyuma yake mapema na kumwambia, "Taratibu, mwanangu. Hapo ndipo penyewe."

Damu hufika kwenye pete hiyo kwa njia nne. Mbili ni ateri za karotidi, zile unazozisikia zikidunda ukiweka vidole pembeni mwa koo. Mbili nyingine hupanda kwa nyuma, zikipenya matundu ya pingili za shingo kuanzia pingili ya sita kwenda juu, zikaingia fuvuni kwa tundu kubwa la chini na kuungana kuwa ateri moja iitwayo basila. Ubongo una uzito wa asilimia 2 tu ya mwili, lakini huchukua karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo, na kama asilimia 20 ya oksijeni tunayotumia tukiwa tumetulia. Akiba hauna. Ukikatiwa damu yote, fahamu hupotea ndani ya sekunde kumi hivi.

Pete hiyo inaitwa duara la Willis, kwa jina la tabibu Thomas Willis wa Oxford, aliyetoa kitabu chake cha anatomia ya ubongo mwaka 1664. Michoro mingine humo ilichorwa na Christopher Wren, yuleyule aliyekuja kujenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Willis hakuwa wa kwanza kuiona pete, lakini aliuliza iko hapo kwa ajili gani, na jibu akalipata kwenye maiti. Alipasua mwili wa mtu aliyekufa kwa uvimbe tumboni, akakuta karotidi ya upande wa kulia imeziba kabisa ndani ya fuvu, imekuwa ngumu kama jiwe. Kwa mtu mwenye hali hiyo ungetegemea awe alipooza zamani. Huyu hakupooza. Willis alipotazama nyuma aliona kwamba ateri inayopanda shingoni upande uleule ilikuwa imetanuka mara tatu kuliko mwenzake. Njia kubwa ilipokuwa ikifa, ile ya nyuma ilikuwa ikinenepa kidogo kidogo, na damu ikavuka kwenye pete kwenda kulisha upande ulionyimwa.

Nimemfikiria mtu huyo asiye na jina kuliko ninavyowafikiria mabwana wakubwa wa kitabu kile. Aliishi akilishwa na njia ambayo hakujua kama anayo.

Hata hivyo, kilichomwokoa kilikuwa na masharti mawili. Kwanza, karotidi yake iliziba polepole, kwa muda mrefu, mishipa mingine ikapata nafasi ya kutanuka. Pili, viungo vya kuvusha damu vilikuwepo tangu mwanzo. Si kila mtu amejaliwa hivyo. Pete iliyokamilika kama inavyochorwa vitabuni hupatikana kwa chini ya nusu ya watu. Wengine wana kishipa kimoja kilichodumaa, wengine hawana kabisa upande mmoja, na wanaishi hadi uzeeni bila kujua. Siku njia kubwa ikiziba ghafla ndipo tofauti hujulikana, na siku hiyo hakuna wa kukuongezea kishipa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilipokuja huku kusoma, kisha nikabaki kufundisha, watu wa kwanza kunikaribisha futari walikuwa wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban, huko Bayview, Chatsworth. Historia yao inajulikana kidogo sana nyumbani, nami naona ni hasara. Mwaka 1873 meli ya kivita ya Waingereza iliwashusha hapa, kwenye bandari iliyoitwa Port Natal, watu 113 waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa na kupitishwa Unguja. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Walifuatiwa na wengine miaka iliyofuata, wakatiwa kwenye kazi za mkataba. Jina la Wazanzibari lilitokana na bandari waliyopitia. Kwao hawakurudi.

Kwa hao, njia kubwa ilizibwa moja kwa moja: ukoo, kijiji, makaburi ya wazee. Kilichowalisha baadaye ni viungo ambavyo mwanzoni vilikuwa vyembamba. Walisali na Waislamu wa Kihindi wa Durban, na ni wadhamini wa Msikiti wa Juma wa Mtaa wa Grey waliowapatia ardhi Kings Rest, kwenye kilima cha Bluff kinachoitazama bandari. Hapo walizaa, wakazikana, wakaendelea kuzungumza Kimakua. Serikali ya ubaguzi ilipoanza kugawa mji kwa rangi, walihamishwa tena miaka ya 1960. Ila kwenye makaratasi waliandikwa "Waasia wengine", wakapelekwa Chatsworth pamoja na Wahindi. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa dhuluma, kama ilivyokuwa dhuluma kuwang'oa Kings Rest. Lakini ule udugu wa msikitini, uliojengwa kwa vizazi viwili vitatu bila mtu kuhesabu faida, ndio uliofanya jamii ile ihame pamoja na kubaki pamoja.

Ndiyo maana nakosa subira na wale wanaomsifu mtu kwa kusema kwamba alijitegemea mwenyewe. Sijaona ubongo unaojitegemea. Nimeona unaolishwa vizuri na usiolishwa vizuri.

Waliokuwa wakitawala nchi hii walilielewa jambo hilo barabara. Walipotaka kumnyamazisha Chifu Albert Luthuli, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, walianza na watu wake kabla ya kuugusa mwili wake. Amri baada ya amri ilimfunga Groutville, kaskazini mwa Durban. Asihudhurie mikutano, maneno yake yasichapishwe. Ikabaki mianya midogo. Mwaka 1966 Robert Kennedy alitoka Marekani akaenda kumwona kwa helikopta. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Julai, Luthuli akafa, na serikali ikasema amegongwa na treni. Ilibidi ifike Oktoba 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg ilipotamka kwamba alipigwa, akavunjika fuvu, damu ikavujia kwenye ubongo. Hospitali kubwa ya rufaa ya Durban iliyofunguliwa mwaka 2002 pale Cato Manor ina jina lake, na ndiko upasuaji wa ubongo ulikohamishiwa kutoka Hospitali ya Wentworth. Kila ninapopita barabara ile nakumbuka kwamba madaktari wanaozuia damu isivujie kwenye bongo za watu wanafanya kazi chini ya jina la mtu aliyekufa hivyo.

Kisha kuna mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mwalimu wa madrasa, Tanga mjini. Asubuhi moja aliamka akashindwa kuinua mkono wa kulia, na mdomo umekwenda upande. Nyumbani walisema kapitiwa na upepo, kwa sababu ndivyo watu wa pwani tulivyolelewa kuuelewa ugonjwa unaokuja ghafla bila homa wala kidonda. Aliitwa mtu wa kusoma, akasoma. Hospitali walikwenda baada ya adhuhuri. Mimi nilipata habari kwa simu nikiwa Durban, na nilijua kwa mbali sana kilichotokea: bonge la damu limeziba ateri ya kati ya upande wa kushoto wa ubongo, ile inayolisha sehemu za mkono, uso na maneno. Mwaka 2006 daktari Mmarekani Jeffrey Saver alipiga hesabu kwamba kiharusi cha mshipa mkubwa kisipotibiwa huua seli za neva kama milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge huhitaji kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mahali pa kuipata ni pachache. Hesabu hizo nilikuwa nazo kichwani nikiwa nimeshika simu, na hazikunisaidia kitu.

Simlaumu yeyote katika nyumba ile. Walimshika mikono, walimsomea, walimnywesha maji kwa kijiko. Walifanya kila wanachokijua kwa mtu wanayempenda. Ninachokitaka ni wajue na hili moja zaidi: uso ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hiyo ni safari ya hospitali saa ileile, na kisomo kinaweza kuendelea ndani ya gari.

Nilipofika kumwona, mjomba alikuwa hawezi kuomba maji. Alikuwa akitazama kikombe, anakijua, midomo inatafuta, na kinachotoka ni sauti isiyo na neno. Mkaza mjomba akawa anambahatisha: "Maji? Chai? Mto?" Naye anafumba macho kwa hasira. Jioni ilipoadhiniwa magharibi, mjomba akasoma Fatiha. Yote, kwa matamshi yake yaleyale ya mwalimu, bila kukwama. Chumba kizima kilianza kulia. Wao waliona muujiza. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, dua, nyimbo, kuhesabu, mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kujitungia yanapokuwa yamepotea, kwa kuwa hayategemei sehemu ileile peke yake. Kujua huko hakukunizuia kulia na wenzangu.

Wanafunzi wake ndio waliofanya kilichofuata. Watoto wa madrasa walizoea kuja baada ya alasiri, wakaendelea kuja. Mjomba alisoma, wao wakafuata. Kisha mmoja akawa anainua kitu, kalamu, ndala, kikombe, na kusubiri. Hakuna aliyewapangia. Wiki zilipita bila jibu. Halafu yakaanza kutoka maneno, mengine kwa makosa, "mlango" badala ya "dirisha", watoto wakicheka naye akicheka. Pembezoni mwa sehemu iliyokufa huwa pana sehemu zilizopona, nazo hujifunza kazi mpya zikishughulishwa kila siku kwa muda mrefu. Mkono wake haujarudi vizuri. Maneno yamerudi kiasi cha kutosha kugombana na wauza samaki.

Kilichoniuma ni kwamba mjomba alikuwa na presha kwa miaka, na dawa aliziacha alipojisikia mzima. Wengi hufanya hivyo, kwa sababu presha haiumi. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya Dar vikizidi 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai zaidi kidogo ya 100; kiwango cha Dar kiliwashtua hata watafiti, na presha isiyotibiwa ikawa mbele katika orodha ya visababishi. Presha haingoji kupasua au kuziba mshipa mkubwa tu. Mwaka hadi mwaka hukakamaza na vile vidogo, hivyohivyo ambavyo ungevitegemea siku ya shida, vikashindwa kutanuka vinapoitwa.

Basi binamu yangu, ambaye ni muuguzi, sasa hupeleka mashine ya kupimia presha pale madrasa siku za Ijumaa. Mzazi anayekuja kumchukua mtoto anakaa kwenye jamvi, anapumzika dakika tano, anakunja mkono wa shati. Mjomba hukaa karibu na kuwaita kwa majina, anayoyakumbuka. Mkaza mjomba alikuwa akipita na sinia la chai kila mara na kusema yeye hana shida yoyote. Mwezi uliopita alikubali kukaa. Ilisoma 170 kwa 100. Ameanza dawa, na watoto wamepewa kazi ya kumuuliza kila alasiri kama amekunywa.